Damiani Aifunga Benki Kuu

Damiani aliuza vipuri vya baiskeli pale Kiswere, na kodi ya mapato aliichukia kwa moyo wake wote, ingawa hakuwahi kuilipa. Watu wa mapato walifika dukani kwake mara moja tu. Wakazitazama rafu, wakampa pole, wakaondoka. Lakini masika yote alikuwa ameshinda kwenye simu akisikiliza mabingwa wa uchumi wa nchi za mbali, na alipoiweka simu chini alikuwa amekwisha kujua mambo mawili: kodi ya mapato ni wizi, na Benki Kuu ni kiwanda cha karatasi.

Basi akagombea udiwani. Mkewe, Bertha, alitaka kujua kama diwani ana uwezo wa kufunga Benki Kuu. Damiani akamjibu kwamba mapinduzi huanzia kwenye kata.

Mkutano wa kwanza aliufanya sokoni, mbele ya watu ishirini, nusu yao wakisubiri samaki. Aliwaeleza riba na mfumuko wa bei, akawaahidi kwamba akishinda, mshahara wa mtu hautakatwa hata senti. Wenye mshahara kijijini walikuwa wawili, mwalimu na nesi, na wote hawakuja. Alipomaliza, Bi Kidawa, mkaanga samaki, akanyoosha mkono wenye unga wa ngano.

"Mwanangu, hiyo kodi mimi siijui," alisema. "Ninayotozwa kila asubuhi ni ushuru wa meza. Huo utauondoa?"

"Shikamoo, Bi Kidawa. Huo ni mdogo. Mimi nazungumzia taifa."

"Marahaba," akajibu Bi Kidawa, akarudi kwenye karai lake. Wiki iliyofuata akachukua fomu ya udiwani naye.

Damiani hakutishika. Ili watu waone kwa macho, alitangaza kwamba dukani kwake noti hazipokelewi tena. Sarafu halali ni korosho, mali inayoota ardhini wala haichapishwi na mtu. Hapo ndipo alipopata wafuasi. Walikuja hata kutoka Kinjumbi, na kila mmoja alibeba korosho za msimu uliopita, zilizoliwa na wadudu na kuota ukungu, zile ambazo chama cha ushirika kilishazikataa. Kwa siku nne rafu zikawa tupu. Damiani alilala juu ya magunia akijiona gavana.

Siku ya tano mtendaji wa kijiji, Stefano, alikuja na mgambo. Alifungua gunia, akanusa, akafunga.

"Kununua korosho mitaani, nje ya ushirika, tunaita kangomba, Damiani. Sheria unaijua."

"Sinunui. Hii ni sarafu huru."

"Basi sarafu yako imeoza."

Magunia yote yalipakiwa. Damiani alilala rumande siku moja, na Bertha akamtoa kwa noti alizokuwa amezificha kwenye debe la unga. Njiani kurudi akazihesabu mbele yake zilizobaki. Hilo lilimuuma kuliko rumande.

Kura zikapigwa. Bi Kidawa, aliyeahidi kupunguza ushuru wa meza na kuezeka soko, alipata mia sita na kitu. Damiani alipata tisa. Nyumbani alijaribu kuzitaja tisa zile mtu kwa mtu, akaanza na yake na ya mkewe.

"Yangu itoe," alisema Bertha, akiendelea kuchambua mchele.

Soko likaezekwa kabla ya masika yaliyofuata. Duka Bertha alilijaza upya kwa mkopo wa kikundi cha akina mama, na Damiani akarudi nyuma ya kaunta, mpole kama aliyetoka jandoni. Asubuhi moja diwani Bi Kidawa alisimamisha baiskeli mlangoni, akataka tairi la nyuma, akatoa noti ya elfu kumi. Damiani aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akaiinua juani, akafumba jicho moja, akaikagua alama ya Benki Kuu kwa makini, asije akapewa ya bandia.