Pambizo ya Ramani ya Fundi Saa

Anayefuta kitu katika dunia ya mwenzake, hufuta kitu cha uzito uleule katika dunia yake, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya meza nzima. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa ndani ya jalada la daftari la kwanza, miaka thelathini na mmoja iliyopita, na hakuna aliyepata kuketi kwenye meza ile ya mchezo asiyeijua. Ilikuwa imetumika mara moja tu, siku Fundi Saa alipomwaga chai juu ya ramani ya Rula, daraja likafutika. Bila kuombwa, Fundi Saa alilifuta daraja lake mwenyewe, na wachezaji wakauzunguka mto kwa miezi minne wakimnung'unikia.

Rula lilikuwa jina la utani la mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu, mkavu, asiyejua kukaa bila kunyoosha kitu. Mchezo wao ulikuwa wa masimulizi. Msimulizi hubuni dunia, huichorea ramani, huijaza mazimwi na wachawi. Wachezaji huingia humo, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na dadu huamua nani apone na nani azikwe. Meza ile ilikuwa na wasimulizi wawili. Jumamosi moja walisafiri katika Nchi ya Minara, ya Rula, yenye barabara zilizonyooka na sheria kwa kila jambo. Jumamosi ya pili walipotea katika Msitu Usemao, wa Fundi Saa, ambamo hata mito ilibadili nia.

Kisha Fundi Saa akaugua. Siku tatu kabla ya kufa alimshika Rula kiganja na kumwambia, "Ziunganishe dunia zetu. Ukiuacha msitu peke yake, nao utanifuata kaburini."

Kazi ile ilichukua majuma sita. Rula aliishi chumba kimoja chenye kitanda, jiko, na meza ya kuchorea iliyokuwa kubwa kuliko kitanda. Tangu Jumapili hadi Ijumaa hakuzungumza na mtu, ila muuza duka, na huyo alimwambia maneno mawili tu: mkate, asante. Usomaji wa madaftari ya rafiki yake ndio uliokuwa mazungumzo. Fundi Saa hakupima umbali kwa kilomita bali kwa muda. "Kutoka kisimani hadi mwaloni," aliandika, "saa tatu kwa mguu, saa tano ukiwa na huzuni." Rula alicheka kwa sauti. Kicheko kiligonga ukuta, kikamrudia, naye akaona haya kana kwamba ameonekana.

Hatimaye alipata njia. Milima ya kaskazini ya Nchi ya Minara iliishia kwenye genge; chini ya genge hilo msitu ungeanza. Mbilikimo wa minara wangeteremsha taa kwa kamba, na miti ingewalipa kwa habari. Aliridhika. Akazilaza ramani mbili sambamba, akachukua wembe, akaikata pambizo ya ramani ya Fundi Saa, upana wa vidole viwili, ili karatasi zikutane bila mwanya. Ndivyo alivyofanya kwa miaka arobaini katika ofisi ya upimaji, kwa kuwa mpima ardhi huchora ndani ya mstari, na nje ya mstari hakai mtu. Vipande alivitupa bila kuvitazama, na taka zilichukuliwa asubuhi yake.

Jumamosi alasiri walikutana katika chumba cha nyuma cha duka la saa. Ukutani zilitundikwa saa kumi na nne, kila moja imesimama kwenye wakati wake, kwani hapakuwa tena na mtu wa kuzitia ufunguo. Wachezaji waliosalia walikuwa wawili: mwoka mikate, aliyeitwa Hamira, na binti wa Fundi Saa, muuguzi, aliyetoka zamu akiwa bado na viatu vyeupe. Sanduku la madaftari, ambalo Rula alikuwa amelirudisha, lilikuwa miguuni pake.

"Baba Mkubwa, tuliongea siku ya maziko," alisema. "Nikimwona baba humu ndani, tunaendelea. Nisipomwona, naondoka na madaftari yake na chumba nafunga. Usinione mkatili."

"Sikuoni hivyo, mwanangu."

Rula aliikunjua ramani. Hakuwa na meza nyingine ya kukaa na watu duniani zaidi ya ile.

"Haya, Rula amekuja na dunia iliyopigwa pasi," alisema Hamira. "Hebu tuone kama mawingu nayo umeyapigia mistari."

"Mawingu nimekuachia wewe. Unga unao hadi kwenye nyusi."

Binti alicheka, na Rula akapumua. Kidole cha binti kilifuata mto, kikapita mwaloni, kikafika ukingoni pa msitu. Hapo kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena.

"Baba Mkubwa, nyumba ya mama iko wapi?"

"Nyumba ipi?"

"Ya pembeni. Ndogo hivi, ina kisima. Haina jina."

"Sikuiona kwenye ramani."

"Haikuwa kwenye ramani. Ilikuwa nje ya mstari." Alisema polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Mama alipokufa, baba hakumwua mhusika wake, yule mganga. Alimhamishia pambizoni. Alisema mazimwi hayavuki mstari. Kila safari mimi nililala kwake usiku mmoja, na baba aliniuliza kwa sauti ya mama kama nimekula. Nyinyi mlidhani tunapumzika tu."

Rula alipitisha kidole kwenye ukingo aliokata. "Niliikata," alisema. "Nimeitupa."

Hamira alijikohoza. "Ni bahati mbaya. Rula atachora nyingine, si ndiyo?"

"Mistari yake imenyooka," alisema binti. "Ile ilikuwa imepinda." Akainama kulifunga sanduku.

"Kanuni haitaji bahati mbaya," alisema Rula. "Keti, mwanangu. Nadaiwa."

"Basi futa mji wako mkuu," Hamira alipendekeza. "Una minara tisa, mkubwa wa kutosha."

"Minara tisa naijenga kwa jioni moja. Hiyo si malipo."

Alijua kilicholingana. Alikuwa amekijua tangu kidole cha binti kiliposimama. Katika kona ya juu, mbele ya Mnara wa Kaskazini, alisimama mtu mdogo mwenye mkuki: Mlinzi wa Lango, mhusika wa mdogo wake Rula. Walikuwa wameibuni nchi ile pamoja utotoni, nyuma ya karatasi za kalenda. Mdogo wake akaenda ng'ambo kutafuta kazi. Zikaja barua, kisha kadi, kisha hata kadi hazikuja. Kwa miaka thelathini na minane Rula hakumrushia Mlinzi dadu hata mara moja, wala hakuruhusu zimwi lifike langoni. Wachezaji walimtania kwamba askari wake hana likizo, naye aliitikia kwamba likizo itaombwa na mwenyewe.

Alitoa wembe.

"Rula," alisema Hamira, na safari hii hakutania. "Huyo si wa mdogo wako? Akirudi je?"

"Akirudi, mimi nipo."

Wino wa zamani hautoki upesi. Alikwangua mkuki, akakwangua kofia, akafika usoni. Karatasi ikawa nyembamba hata mwanga wa dirisha ukapenya. Kisha akaichomoa kwenye mkoba karatasi ya Mlinzi, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kijana, akaichana mara mbili, na vipande akavipanga ukingoni mwa meza, kwa kuwa hakujua pengine pa kuvipeleka.

Binti alilitazama lile tundu la mwanga kwa muda mrefu. Kisha akafungua sanduku, akatoa daftari la kwanza, na ndani ya jalada, chini ya mstari wa chai na daraja, akaandika: Nyumba ya mama. Imelipwa. Daftari hakulirudisha sandukuni; akaketi, akachukua dadu.