Sukari ya Zulaika Imetoka Wapi?

Mtu akikuambia Zulaika ni mwongo, mwambie akaseme hivyo mbele ya mji mzima wa Koboko. Tangu daktari amwambie damu yake imejaa sukari, mjane huyu wa mwanajeshi hakuonja hata punje. Chai aliinywa chungu, na biskuti aliziona kwa macho tu. Lakini kila alipodungwa kidole kwenye kituo cha afya, kimashine kilisema yaleyale: sukari iko juu. Na muuguzi anamtazama kwa jicho la "mama, tunajuana."

"Wallahi, mimi hapana kula sukari!" Zulaika anafoka.

Basi imetoka wapi? Akili ikazunguka, ikachoka, ikamwangukia Harriet, mke wa mwanawe Laku, binti wa Onduparaka kule Arua. Laku alikuwa safarini na lori lake, nyumbani wamebaki wawili, na mpishi ni Harriet. Kikulacho ki nguoni mwako, mama akajisemea. Akaifungia sukari sandukuni, ufunguo akaufunga fundo kwenye kitenge chake. Hakutosheka. Akamlazimisha binti wa watu aonje kila sahani mbele yake kabla yeye hajala. Harriet alionja, macho chini.

Sukari ikapanda tena. Yarabi!

"Rudi kwenu," akamwambia asubuhi moja. "Mimi bado nataka kuishi."

Harriet akafunga virago, akaenda zake. Zulaika akaanza kujipikia. Chai bila sukari haishibishi, kwa hiyo alijisongea ugali wa muhogo, mlima mzima, kama alivyozoea siku zote. Asubuhi kiporo, mchana wa moto, jioni tena. Muhogo chakula cha wazee wetu, utakuwa na hila gani?

Kipimo kikapanda kuliko siku zote, na macho yakaanza kuona ukungu. Hapo ndipo alipochanganyikiwa hasa. Harriet hayupo, sasa nani? Jini? Alisimama jikoni akionja chumvi, akionja mafuta, akionja hata maji ya mtungi. Hofu ya kupofuka ikamtoa nyumbani mpaka Arua, kwa mtaalamu wa lishe aitwaye Yengi.

Yengi alimuuliza anakula nini. Zulaika akatoa kwenye mfuko kipande cha ugali alichofungasha kwa safari.

"Kitafune, mama, lakini usimeze. Endelea tu."

Akatafuna. Hakuna ladha. Akatafuna mpaka taya zikauma. Halafu, lo, utamu ukaja ulimini, mdogo lakini wa kweli! Zulaika akatema kiganjani na kulikagua lile tonge.

"Nani ametia sukari?"

"Mate yako," Yengi akasema, akionyesha tasbihi mkononi mwa Zulaika. "Wanga wa muhogo ni sukari nyingi zilizotungwa kwenye uzi mrefu, kama shanga hizo. Zikiwa uzini, ulimi hauzijui. Mate yanaanza kukata uzi, utumbo unamalizia, shanga zinamwagika kwenye damu. Protini ya nyama na maharage nayo ni uzi, ila shanga zake ni za aina nyingine. Mafuta ni habari tofauti kabisa."

"Kwa hiyo muhogo iko sukari?"

"Ukila mlima, mama, umekula mlima wa sukari."

Zulaika hakuelewa hata nusu. Shanga, uzi, utumbo, vyote vilimzunguka kichwani. Alielewa moja tu: Harriet hakutia kitu. Aibu ikamwasha mwili mzima. Akapanda bodaboda, moja kwa moja Onduparaka.

Harriet alimpokea kwa magoti. Akaleta maji ya kunawa, kisha ugali na mboga za majani. Kabla mgeni hajanyoosha mkono, yeye akamega tonge, akachovya, akala mbele yake, macho chini. Ndivyo alivyofundishwa.

Moyo wa Zulaika ukapasuka.

"Acha, mwanangu! Acha kuonja! Mchawi nilikuwa naye mwenyewe, mdomoni humu!"

Akamsimulia yote, akichanganya mate na shanga na muhogo, mpaka yeye mwenyewe akapotea njiani na kubaki analia.

Harriet hakucheka, wala hakulia. Aliukata ule ugali, akarudisha sehemu kubwa sufuriani, akamjazia mboga sahani. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa sanduku, mama. Narudi kupika."

Zulaika akafungua fundo la kitenge chake, akampa.