Vidonge vya Wifi

Naoka mikate usiku, kwa hiyo nalala mchana, wakati dunia nzima inapiga honi. Tangu mume wangu afariki, hata huo usingizi wa mchana ulinikimbia. Daktari akaniandikia dawa ya usingizi, akauliza kama natumia dawa nyingine. Nikasema hapana, na sikudanganya. Vidonge vya mizizi alivyoniletea wifi tangu siku ya msiba, vya kutuliza mawazo, kwetu havikuwa dawa. Vilikaa kwenye kabati la chakula, pembeni ya majani ya chai.

“Hii ni mboga tu, wifi yangu,” alisema. “Tangu lini mboga ikamdhuru mtu?”

Ningevikataa, angesema nimemkataa yeye na marehemu kaka yake. Wifi ana mdomo. Nikawa nameza vyote viwili, kisha najilaza. Nikaacha kuhuzunika, nikaacha na kufurahi. Mwenzangu wa tanurini alinitania eti nachunga unga huku nakoroma.

Siku moja binti yangu wa chekechea alirudi akakuta nimefunga mlango kwa ndani. Akagonga, akaita. Sikusikia kitu. Nilipofumbua macho, fundi wa kufuli alikuwa chumbani na bisibisi yake, jirani ananimwagia maji usoni.

Jirani alinipeleka zahanati, akabeba na kila kilichokuwa kabatini, majani ya chai yakiwemo. Muuguzi akainua kopo la wifi.

“Na hii?”

“Hiyo mboga.”

“Mboga gani inalaza watu? Hii inaleta usingizi, na dawa yako inaleta usingizi. Ukichanganya, hata pumzi inaweza kupungua. Shukuru umeamka, mama.”

Nikashukuru. Nilijua napaswa kuogopa, lakini woga haukuja. Wifi alifika mbio, akashika kichwa, akaapa hakujua. Nilimwamini, hata yeye huvimeza.

Jirani akanivuta pembeni. Akaniambia alimkuta binti yangu ameketi kizingitini, anamalizia chakula chake cha shule. Alipomuuliza kulikoni, alijibu, “Mama naye amekufa.” Alisema hivyo kama anayesema mama ameenda dukani.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza, “Uliogopa, mwanangu?”

“Ndiyo.”

“Mbona hukulia?”

Akaniangalia, akalishangaa swali langu.

“Baba alipokufa, wewe hukulia. Nikajua kwetu hatulii.”