Viti vya Mbele

Jumamosi asubuhi Merina alifunga dirisha la chumba chake mtaani Gungu, akaning'iniza blanketi juu yake ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye sauti, akabonyeza kitufe cha kurekodi skrini. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi ya kutengeneza video za mafunzo. Mteja wake wa kwanza alikuwa Martini, mwenye boti ya abiria inayotoka bandari ya Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Martini alitamka neno "kidijitali" kama wengine wanavyotamka amina. Alikuwa amenunua mfumo wa kukata tiketi kwa simu, akataka video fupi ya kuwaonyesha abiria jinsi ya kuchagua kiti.

Merina alieleza, akasogeza mshale, akabonyeza viti. Alipoicheza video, aliona mshale unatetemeka, akasikia jogoo wa jirani akiwika katikati ya maelezo, na kwenye vijisanduku vya kijani vya viti vya mbele walikuwa wamekaa watu. Walikuwa wamelowa. Aliwatambua: abiria waliozama mwaka jana na boti ya zamani ya Martini, iliyojazwa kupita kiasi. Miongoni mwao alikuwa Mwalimu Gasper, aliyemfundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi.

Akarekodi upya. Safari hii jogoo hakuwika, lakini watu walikuwepo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unakwenda mbio mno. Aliyenunua simu jana utamwacha hapo hapo. Ukishabonyeza, nyamaza kidogo."

Merina akarudia polepole, na ikatoka nzuri kuliko zote. Mwishoni, aliposema asanteni, mwalimu aliongeza la kwake: "Kabla ya kukaa, ulizeni maboya yako wapi. Sisi hatukuuliza."

Jumatatu aliipeleka ofisini. Martini aliitazama akiwa kwenye kiti cha ngozi ambacho hakuwahi kukitoa nailoni, kikilia chini yake kila alipojigeuza.

"Hawa ni nani?"

"Abiria wako, bosi. Wa ile boti iliyozama."

Martini akainamia skrini. Merina alisubiri aone aibu, au hata woga.

"Wamekalia viti vya mbele," alisema Martini. "Viti hivyo ndivyo watu wanavyovigombania. Wahamishie nyuma, binti."

"Hawahamishiki. Nimejaribu."

"Basi wafunike na nembo ya kampuni."

Merina akaiweka nembo. Ikalowa, herufi zikachuruzika hadi chini ya skrini, na watu wakabaki walipo. Martini akalaumu ubora wa nembo. Kisha akamwamuru akate maneno ya maboya, yanaharibu biashara.

"Sikati," alisema Merina. "Tafuta mtu mwingine."

Martini alipiga miayo. "Acha tu. Nani anatazama video mpaka mwisho?"

Walitazama. Video ilizunguka kwenye makundi ya simu kutoka Ujiji hadi Simbo, na watu waliirudia mara kwa mara ili wawasalimie ndugu zao. Wengi walisifu kwamba sauti ya mwalimu inasikika vizuri.

Siku ya safari ya kwanza kwa tiketi za simu, Merina alikwenda Kibirizi. Abiria walikuwa wamekata tiketi bila taabu, na mmoja baada ya mwingine walimwuliza Shadia, mkaguzi wa tiketi, maboya yako wapi.

"Yapo kwenye video," alijibu Shadia bila kuinua macho.

Wakapanda. Kule waendako hakuna barabara.

Wa mwisho alikuja Shukrani, mjane wa Mwalimu Gasper, na furushi la vitenge vya kuuza.

"Mama, umeiona video?"

"Nimeiona, mwanangu. Amekonda."

Merina alimshika mkono. "Subiri boti nyingine, mama. Nakuomba."

"Nyingine ipi?" aliuliza Shukrani kwa upole, akautoa mkono wake.

Kiti chake kilikuwa kimeuzwa kwa watu wawili. Hakubishana. Alipanda juu ya mifuko ya saruji, akakunja miguu, na boti ikaondoka, maji yakiwa chini kidogo tu ya ukingo. Martini alisimama ufukweni akiwapungia mkono, na wao, kwa adabu, wakampungia.