Upawa Ukutani

Mume wangu Abdulbasit alikuwa na kigugumizi, na mtaa wote wa Kibokoni ulikijua. Barazani walimngoja amalize neno moja mpaka kahawa ikapoa, kisha wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi sikucheka. Mwanzoni mwa ndoa yetu nilikuwa tayari kumrushia mtu kikombe kwa ajili yake.

Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri alijifungia katika chumba kidogo kilichopakana na jiko langu, akaketi mbele ya redio yake kubwa na kugonga kidude cha shaba kwa kidole. Ti ti, taa, ti. Ndiyo lugha ya simu za meli, aliyojifunza alipokuwa akifanya kazi bandarini. Kumbe ulimwenguni kulikuwa na wengine wenye uraibu huo huo, kila mmoja na waya wake juu ya paa, wakizungumza hivyo kwa mapenzi tu. Hawakuwahi kuonana hata siku moja. Kidole hakina kigugumizi. Nyuma ya ukuta nilimsikia akienda mbio, akituama, akienda tena, na mara nyingine akicheka peke yake. Majirani walisema ni jasusi. Mimi nilijua si jasusi, ila nilikuwa na wivu, na sioni haya kusema. Wale walipata mazungumzo yake, mimi nikapata ishara za mkono na tabasamu.

Chakula kikiwa tayari sikumwita kwa jina, maana hakusikia. Nilishika upawa, nikagonga ukuta mara tatu, kisha nikauburura mpini kwenye chokaa. Mchirizi wake ungalipo hadi leo.

Alifariki usingizini mwaka wa tisini na nne. Jeneza lilipokuwa likitolewa nyumbani, shemegi yangu Kamaludin aliuliza kama yuko mwenye haki yake kwa marehemu, au aliyekosewa naye, amsamehe. Waliokuwapo wakajibu kwamba wamesamehe. Nikakaa eda, na jambo moja likawa halinipi usingizi: wale wengine hawakuulizwa. Hawakujua hata kwamba amekufa. Kila alasiri walikuwa wakiita chumba kisicho na mtu.

Kamaludin akaja akasimama mlangoni.

"Shemegi, nguzo ile ya waya juu ya paa yateremshwa Jumamosi. Leseni ya redio ilikuwa ya marehemu, na siye mashine hii hatuijui. Nimempata fundi."

"Na rafiki zake wataambiwa na nani?"

"Rafiki gani?" akauliza, na naapa hakuwa akinidhihaki. Hakujua kweli.

Jumamosi fundi akapanda juu ya paa. Nilimsikia akigongagonga chuma huku adhana ya alasiri ikipokezana kutoka msikiti hadi msikiti. Nikaswali, nikamwambia mdogo wangu Mwanatumu abaki ukumbini, nisiwe peke yangu nyumbani na fundi, nikaingia kile chumba. Nikawasha redio kama nilivyomwona mwenyewe akiwasha. Ikatoka milio, mingi, hii juu ya hii, kama watu sokoni. Katika yote nilijua mmoja tu. Kila siku kabla ya kuzima alimalizia kwa mlio ule ule: ti ti ti, taaa. Niliuchukulia kuwa ni jina lake. Nikasema nitalipiga, huenda yuko mwenye akili akatambua kwamba aliyelipiga si yeye. Wala sitakuwa nimezungumza na wanaume nami ni mwanamke wa eda.

Nikagonga. Kidole kilisita kwa kutozoea, lakini nikagonga.

Milio yote ikakatika. Kisha mmoja akaanza kugonga mbiombio, mwingine akamjibu, nami sikufahamu lolote. Nikasikia hatua za fundi zikishuka ngazi, zikasita nje ya pazia la mlango.

"Hodi, mama. Ni nani anayepiga hapo?"

"Ni mimi. Nawe ni nani?"

"Kazungu. Nilikuwa na marehemu bandarini. Maneno hayo nayajua."

"Basi nambie, wasemaje?"

Akasikiliza. "Mmoja anasema huo si mkono wake. Hawa hutambuana kwa mkono, mama, kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi."

"Nimewapigia jina lake."

"Hukupiga jina lake." Akasikiliza tena, na aliporudi kusema sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anasema huyo ni bibi anayegonga ukuta. Anasema Abdulbasit aliwaaga hivyo kila siku, na aliwafundisha wote: mkisikia hivi, mke wangu ameniita chakula, na simcheleweshi. Sasa mwingine anauliza, ikiwa ni bibi anayegonga, yeye yuko wapi?"

Dunia nzima ikanyamaza. Redio ilibaki na mvumo mdogo tu, kama mafuta yakingoja kitumbua, nami nikaogopa ukubwa wa kimya kile. Kisha, mbali sana, karibu usiusikie: ti ti ti, taaa. Ukaja mwingine. Mmoja ulikuwa wa pole, mmoja wa haraka, mmoja ulisitasita kama wangu. Ulikuwa upawa wangu, ukitoka kila pembe ya ardhi ya Mungu. Mimi niliyedhani nimefungiwa nje ya chumba kile, kumbe nilikuwa ndani siku zote.

"Kazungu," nikasema, "waambie amefariki, kisha waulize kama wana haki yao kwake, wamsamehe."

"Leseni sina, mama."

"Leseni imekwenda na mwenyewe. Wewe nitajie, mimi nigonge."

Akanitajia nyuma ya pazia, fupi, ndefu, fupi, polepole, nami nikagonga neno baada ya neno mpaka mkono ukafa ganzi. Majibu yakaja kwa wingi.

"Wanasema wamemsamehe, na hawamdai kitu," Kazungu akasema. "Ila mmoja, mzee nadhani, mkono wake ni mzito. Anauliza kama wewe umewasamehe wao. Kwa chakula kilichopoa."

Nililia hapo, na sikujizuia. Nilipoweza, nikarudisha kidole kwenye shaba. Nikagonga mara tatu, na ya nne nikaiburura sana.

Kisha nikazima, nikamwambia Kazungu sasa anaweza kuteremsha nguzo.