Sentensi Moja Kuhusu Jaji Prewitt

Eloisa Maestas alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na katika miaka yote aliyofundisha hakuwahi kuona watu wazima wakiogopa sentensi moja kama walivyoiogopa wenzake wa tume. Walikuwa wamekaa katika chumba cha nyuma cha maktaba ya Alamillo, mji mdogo wa bondeni, madirisha wazi kwa joto la Julai, kahawa imeshapoa kwenye vikombe vya karatasi. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza: kumpima jaji wa wilaya, kisha kuwaambia wapiga kura kama anafaa kuendelea na kazi. Watu wa bonde lile hawamchagui jaji, gavana ndiye humteua. Wao huulizwa tu, kila baada ya miaka kadhaa, abaki au aende. Na kwa kuwa wengi hawajawahi kumwona jaji ila dukani akibonyezabonyeza nyanya, hutumiwa kijitabu chenye maelezo ya tume. Maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa yakimkausha Eloisa mate.

Jaji mwenyewe aliitwa Lyle Prewitt, na alikuwa mtu mwema, hilo halikuwa na ubishi. Hakuwahi kumkaripia mtu mahakamani. Alikuuliza hali ya ng'ombe wako kabla hajakuuliza kwa nini hukulipa faini. Mawakili walipotumiwa maswali ya kumpima walimpa alama za juu mpaka ukashangaa kwa nini hajapelekwa mahakama kuu. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa hatoi maamuzi. Atakusikiliza mpaka mwisho, atamshukuru kila mtu kwa jina lake, atasema analichukua jambo hili akalitafakari, halafu jalada linapanda kabatini na wewe unarudi nyumbani kusubiri. Theluji itaanguka, itayeyuka, viazi vitapandwa, na bado unasubiri.

Eloisa aliyaona haya kwa macho yake, maana wanatume hutakiwa kuingia mahakamani bila taarifa na kukaa nyuma kimya. Siku ya Januari aliyoingia yeye, ilikuwa zamu ya Celsa Quintana, mama anayepika burito, chapati za kukunjwa zenye nyama na maharage, ndani ya duka la vyakula vya mifugo. Binti yake Celsa alifariki, akamwachia mjukuu, Noemi, wa miaka saba. Celsa alikuwa anaomba mahakama imtambue kuwa mlezi halali. Baba wa mtoto alikuwa jimbo la mbali la Wyoming na alikuwa anapinga. Mambo ya kawaida, ungesema, ila mtoto alikuwa na ugonjwa wa masikio, na daktari alikuwa ameshasema wazi kwamba asipopasuliwa mapema atabaki kiziwi. Hospitali ilitaka saini ya mlezi halali. Baba alisema atatia saini siku atakayokabidhiwa mtoto, kabla ya hapo asisumbuliwe. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa Jaji Prewitt, na Jaji Prewitt alimwambia Celsa kwamba ni mwanamke jasiri, akamshukuru, akasema analichukua jambo hili akalitafakari.

Sasa ilikuwa Julai. Noemi alikuwa ameanza kumkazia mtu macho mdomoni anapoongea. Eloisa aliliona hilo kila alipokwenda kununua burito, na hakuweza kusema lolote, maana mwanatume haruhusiwi kuzungumza na mtu kuhusu kesi yake iliyo mbele ya jaji anayepimwa. Alikuwa anachukua chakula chake, anatoa shukrani, anarudi garini na hasira zake.

Basi hasira zile akaziweka kwenye karatasi. Aliandika kwamba Jaji Prewitt anachelewesha mno maamuzi ya kesi za familia na watoto wanaumia. Akaisoma kwa sauti mbele ya tume, akakaa, akasubiri. Wakamtazama kama watu waliokuta unywele kwenye supu ya mwenyeji wao.

Mwenyekiti alikuwa wakili Tadlock, mtu mnene, mpole, mwenye kesi tatu mbele ya Prewitt mwezi uleule. Alikohoa. Alisema anakubaliana na mwalimu kwa moyo wote, ila hilo la watoto kuumia ni zito, na tume si daktari. Likafutwa. Akasema "mno" ni neno la hasira. Likafutwa nalo. Mkulima mmoja wa viazi akasema mke wake anaimba kwaya na mke wa jaji na Jumapili watakutana, kwa hiyo yeye angependa "anachelewesha" liangaliwe upya, maana linaonyesha kama jaji anafanya kusudi. Wakaweka "huchukua muda". Mwingine akasema kama tunataja muda, haki ni kutaja na sababu yake. Eloisa alikuwa anatazama sentensi yake ikinyolewa.

Na kama vile hayo hayatoshi, siku hiyohiyo jaji mwenyewe aliitwa kwa mahojiano. Eloisa alikuwa amenoa maswali yake tangu asubuhi. Jaji akaingia na kofia mkononi, akaketi, na kabla hajaulizwa akasema anajua anachelewa. Alisema halali usingizi kwa kuogopa kumpeleka mtoto wa mtu kwenye nyumba isiyo yake, na kwamba kila akishika kalamu mkono unakuwa mzito. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli. Eloisa alimuuliza swali moja, la upole, na jaji akamshukuru. Alipotoka, wote walikuwa wameshalainika, na Eloisa, Mungu amsamehe, alikuwa amelainika pamoja nao. Ni yeye mwenyewe aliyependekeza "kwa makini".

Sentensi iliyobaki ilisema hivi: Jaji Prewitt huchukua muda wa kutosha kutafakari kwa makini kila kesi ya familia kabla ya kutoa uamuzi.

"Iko humo, mwalimu," Tadlock alimwambia. "Ulichotaka kiko humo. Kila mtu wa bonde hili ataelewa."

Na hapo ndipo penye kisa chenyewe, maana Tadlock hakuwa anadanganya. Watu wa Alamillo hawamsemi mtu vibaya waziwazi, wameishi pamoja muda mrefu mno hata wasithubutu hilo. Wakikwambia fundi fulani hana haraka, ujue paa lako litavuja mpaka Pasaka. Wakisema mpishi ana moyo wa kujaribu, unakula kabla ya kwenda. Ubaya unaachwa usikike wenyewe, kwenye nyusi, kwenye kikohozi, kwenye kile kituo kidogo kabla ya neno. Hawa watu wamezaliwa ndani ya lugha hiyo na hawajui kama wanaizungumza. Hakuna hata mmoja mezani pale aliyekumbuka kwamba kijitabu hakina nyusi. Wakapiga kura kama jaji anafikia kiwango, mikono yote ikapanda, na wa Eloisa ukapanda pia. Alijifariji kwamba angalau sentensi yake imo.

Oktoba kijitabu kikafika kwa posta pamoja na karatasi za kura, ambazo huko hujazwa nyumbani. Mume wake Fermin alikuwa mezani jikoni anamenya pilipili za kuchoma, vidole vimejaa maganda. Fermin huwapigia majaji wote kura ya kuondoka. Ana uchungu wa zamani: mahakama iliunyima ukoo wake maji ya mfereji wa kumwagilia mashamba, na tangu siku hiyo hajamhurumia jaji hata mmoja, wazuri kwa wabaya wote hufagiwa. Eloisa alimpa kijitabu asome ukurasa wa Prewitt, akitaka kwa mara moja mume wake awe na sababu ya kura yake.

Fermin alisoma polepole, akakipaka kijitabu pilipili, akachukua kalamu akaweka alama kwenye "abaki".

"Umefanya nini wewe?" Eloisa aliuliza.

"Nimempa kura. Huyu anafikiri. Wale wa kesi yetu ya mfereji hawakufikiri hata kwa muda wa kunywa chai."

"Fermin, hiyo ni lawama. Tumemlaumu."

"Wapi?" Akakigeuza kijitabu, akatazama nyuma, akarudi mbele. "Nionyeshe mahali mlipomlaumu, mama mwalimu, maana miwani yangu labda imechoka."

Alimwonyesha. Fermin akasoma tena kwa sauti, huku akifuata kwa kidole, akacheka mpaka machozi, akayafuta kwa kidole kilekile cha pilipili, akaanza kulia kweli. Eloisa hakumpa hata kitambaa. Alikwenda sebuleni akampigia simu Tadlock, akamwambia wamefanya upuuzi, watu wanasoma sifa. Tadlock alimtuliza. Alisema kijitabu kimeshachapwa na kimeshafika kila nyumba, na kwamba mwanatume haruhusiwi kumfanyia kampeni jaji wala kumpinga, kwa hiyo anamwomba sana asiende kusemasema mitaani. Watu wameelewa, alisema. Eloisa alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Kesho yake alichukua bahasha zao mbili kwenda kuzitia kwenye sanduku la kura mbele ya jengo la wilaya. Upepo wa bonde ulikuwa umeanza ukali wake. Celsa alikuwa amefika kabla yake, bahasha mkononi, Noemi pembeni na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka chini ya masikio. Eloisa alimsalimu mtoto. Mtoto hakuitika mpaka bibi yake alipomgusa bega.

"Mwalimu, nimefurahi kukuona," Celsa alisema. "Nilitaka nikushukuru. Yale mliyoandika kuhusu jaji yamenipa nguvu."

Eloisa alimuuliza vipi, ingawa alikuwa ameshajua.

Celsa alieleza kwamba kwa miezi yote hii alikuwa anadhani jalada lake limepotea. Alikuwa anapiga simu kwa karani na karani anamwambia subiri. Alikuwa anataka kumwajiri wakili wa mjini aisukume mahakama, hata barua ya kumwomba huyo wakili alikuwa ameshaandikiwa. Kisha akasoma kijitabu. Akaona kumbe jaji anatafakari kwa makini, kila kesi, na watu wa tume waliokaa mahakamani wanathibitisha. Akaona aibu kumsukuma mtu anayefanya kazi yake hivyo. Barua hakuituma.

"Kwa hiyo nimempa kura abaki," alisema, na kabla Eloisa hajapata neno, akaisukuma bahasha sandukuni. Ilidondoka ndani kwa mlio mdogo.

Eloisa alitazama mlango wa jengo la wilaya. Alifikiria kanuni, akafikiria Tadlock, akafikiria wale wote mezani na kahawa yao iliyopoa. Halafu akamgeukia Celsa.

"Celsa, nisikilize. Hatafakari. Anachelewesha. Anaogopa kuamua, na kesi zinakaa kabatini. Ndivyo tulivyomaanisha. Tuma ile barua leo, usilale nayo."

Celsa hakuelewa mara moja. Alimtazama kama mtu anayesubiri nusu ya pili ya mzaha. Kisha uso ukambadilika taratibu, akamvuta Noemi karibu na koti lake.

"Ninyi mlilijua hilo?"

"Tulilijua."

"Wote?"

"Wote."

Celsa hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja dukani anataka burito ngapi.

"Sasa kwa nini hamkuandika hivyo?"

Eloisa alikuwa na majibu mengi: kwaya, kesi tatu za Tadlock, macho ya jaji yaliyolowa, neno lake mwenyewe la "kwa makini". Alijaribu moja baada ya jingine kimoyomoyo, na hakukuwa na hata moja ambalo angeweza kumwambia mwanamke huyu mbele ya mtoto huyu. Noemi alikuwa anamtazama mdomo, akisubiri ausogeze.