Salamu kutoka Mgodi Namba Sita

Oleta Stidham alikuwa akichambua maharage mabichi kwenye meza ya jikoni, saa kumi alasiri ikikaribia, simu ilipolia. Akajifuta mikono, akapokea. Mwanamume mmoja aliomba apigiwe wimbo wowote wa waltz, dansi ya taratibu ya watu wawili, na salamu zimfikie mkewe, Ruby.

"Nani anaomba?" Oleta akauliza kwa mazoea.

"Arlis Caudill, Bi Oleta. Niko na wenzangu watatu."

Oleta akaandika jina. Arlis alikuwa amekufa miaka thelathini na mitano iliyopita, na kituo cha redio alichokuwa akitangazia kilikuwa kimefungwa kwa miaka minne.

Kituo hicho alikianzisha Vester Prater, muuza chakula cha mifugo, mwaka 1953, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka lake pale Pell Creek, katika milima ya Kentucky. Kilipiga muziki wa kantri tangu macheo hadi machweo, kwa kuwa kibali hakikuruhusu zaidi ya hapo. Jumamosi wachimba makaa ya mawe walipanda ngazi na fidla zao, vumbi la makaa bado limewaganda shingoni, wakapiga moja kwa moja hewani. Asubuhi Oleta alisoma matangazo ya vifo. Saa kumi alipeleka salamu. Mjini walikuwa wakisema kuwa mtu hajafa mpaka Oleta atangaze. Prater alipofariki, wanawe waliuza kibali kwa wahubiri wa mji wa Lexington, na mnara wakauza kama chuma chakavu. Oleta aliomba namba ya simu ya kituo, santuri na gramafoni. Wakampa.

Sasa aliweka santuri, akashusha sindano. Wimbo ukasikika ndani ya sufuria za Ruby Caudill, kwenye mifereji ya bati ya kanisa la Wabaptisti, na kwenye jino la fedha la kinyozi. Kinyozi alisema unashika vizuri kuliko enzi za mnara, akaendelea kunyoa.

Siku ya pili Arlis alipiga tena. Aliomba wimbo, kisha akasema wenzake wana swali.

"Wanauliza mbona mliacha kuchimba. Tuliwasikia, Bi Oleta. Tukawa tunagonga bomba. Halafu mchana wa siku ya pili kukawa kimya."

"Mlikaa muda gani?"

"Siku tisa."

Oleta alijua ni kwa nini. Novemba 1968 paa la Mgodi Namba Sita liliporomoka. Kesho yake asubuhi msimamizi wa mgodi alipanda ngazi za kituo akiwa na karatasi. Iliandikwa kwamba watu wote wametoka salama, na kwamba wanne wasioonekana hawakushuka kabisa siku ile. Walionekana wakipanda basi kwenda Ohio kutafuta kazi. Matangazo ya biashara ya kampuni ya mgodi ndiyo yaliyokiweka kituo hewani.

"Ruby alimfungia Arlis chakula cha mgodini," Oleta alimwambia Prater. "Nilimwona."

"Wewe soma tu," Prater akajibu, bila kumtazama.

Akasoma. Kufikia mchana waliokuwa wakichimba walishaweka sepetu chini, kwa kuwa Oleta amesema. Mdomo wa mgodi ukazibwa kwa zege. Ruby akaanza kungoja barua kutoka Ohio.

Oleta alimweleza Arlis hayo yote, kisha akayasema hewani, akitaja majina manne na siku tisa. Mji mzima ulisikia. Sherifu, mkuu wa polisi wa pale, alisikia kwenye jiko lake, akaja, akanywa kahawa. Alisema kampuni ilishabadili jina, msimamizi alishazikwa na barabara ikapewa jina lake, na mlima una mwenyewe. Kinyozi akaomba nyimbo zilizochangamka zaidi.

Ruby alikuja Alhamisi.

"Mwambie nimemnunia miaka yote hii," akasema. "Nilidhani hataki kuandika."

Oleta akafikisha. Arlis akaomba waltz nyingine.

Majira ya kuchipua kampuni ilianza kupasua kilele cha mlima kwa baruti, ili kufikia makaa kwa juu. Ilimletea Oleta tangazo: wananchi wafunge madirisha kila siku saa tisa na nusu. Alilisoma, maana vioo vilikuwa vinavunjika kweli. Siku hiyo Arlis alichelewa kupiga.

"Kuna kishindo huku juu," akasema. "Vumbi linatudondokea. Ni nini?"

"Kampuni, Arlis. Wanalipua mlima."

Oleta alimsikia akiwaambia wenzake, na wenzake wakisema jambo kwa haraka.

"Wanatutafuta?"

"Hapana," Oleta akasema. "Wanatafuta makaa."

"Haya," akasema Arlis. Akataja wimbo, akasema salamu ni zilezile.